Meli peke yake haitoshi: mwanga wa kaskazini unaufuata nchi kavu

Mkuu, umeuliza kama pesa yote ya kuusaka mwanga wa kaskazini (aurora, ile rangi inayocheza angani usiku) uitie kwenye meli ya Norwei au ubakishe ya siku chache nchi kavu. Mimi na mke wangu tulikwenda mwishoni mwa Februari, tukitokea Hamburg tunakoishi, na tulifanya vyote viwili. Bakisha.

Zile meli za pwani, Bergen hadi Kirkenes, si za mabwawa na disko. Njia yao ipo tangu 1893, ilianza kwa barua na mizigo, na mpaka leo inapita bandari 34, nyingine usiku wa manane. Kama uliwahi kupanda Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, enzi zake, hali unaijua: wewe unatafuta usingizi, chini wanapakua shehena. Kwa mandhari sina neno. Ila kuna vipande vya bahari wazi, na hapo mke wangu hakula kitu siku nzima.

Sasa mwanga wenyewe. Ukishavuka mstari wa Aktiki, unabakiwa na usiku tatu tu kabla ya Kirkenes. Wa kwanza mawingu, wa pili mawingu. Wa tatu spika ya kabini ikatangaza, tukatoka mbio hadi sitahani, koti juu ya nguo za kulalia. Tulichokiona ni utepe wa kijivu, kama moshi wa jiko la mkaa. Kwenye simu ulionekana kijani, lakini meli inatikisika na picha zote zikatoka uji. Shida ya meli ndiyo hiyo: ina ratiba, mawingu yakiifunika haina pa kukimbilia.

Kirkenes tukapanda ndege hadi Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, tukakaa usiku nne. Kila jioni mwongozaji wa safari za kuusaka mwanga anasoma ramani ya mawingu kisha anaamua pa kwenda. Usiku wa pili pwani yote ilikuwa imefungwa, akatuendesha kupitia Skibotn hadi karibu na mpaka wa Finland, zaidi ya kilomita 150. Milima huko inazuia mvua ya baharini. Nyota tele, baridi nyuzi 22 chini ya sifuri, vinyweleo vya pua vinakakamaa.

Mwanga ulianza kama upinde mwembamba, ukatulia hivyo karibu saa nzima. Mara ukakunjuka kama kanga iliyoanikwa ikashikwa na upepo, mji wa kijani na pindo la chini la waridi, ikipita juu ya vichwa vyetu. Safari hii macho yaliona rangi bila simu. Mke wangu alisema Subhanallah mara moja, akanyamaza. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 60, ikazima kwa baridi. Iweke kwapani, itoe wakati wa kupiga tu.

Usihangaike sana na namba za Kp, kile kipimo cha 0 hadi 9 cha msukosuko wa sumaku ya dunia. Tromsø ipo chini ya ukanda wenyewe wa mwanga, hata Kp 2 inatosha anga ikiwa safi. Nenda kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Machi. Juni jua halizami kabisa.

Buti usinunue, waongozaji wengi wanakuazima pamoja na ovaroli. Soksi za sufu ndizo ubebe, ila usizirundike. Mimi nilivaa pea mbili ndani ya buti lililobana, vidole vikafa ganzi kabla mwanga haujatokea.