Tuzo ya usanifu ya kanda: waamuzi hawataingia kwenye jengo lako

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ofisi ya watu wawili ina haja ya kulipa ada na kupeleka kazi kwenye tuzo ya kanda yenye vipengele vya majengo, usanifu wa ndani na bidhaa, au washindi huwa wameshapangwa. Nimeshiriki mara tatu. Mbili nilitoka kapa, ya tatu nikateuliwa kuwania, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Peleka. Ila ujue mwamuzi hataingia kwenye jengo lako. Anaona mabango mawili matatu ya picha na michoro, na maelezo ya ukurasa mmoja, na kazi nyingine kibao zinamsubiri. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa 1977 na kutolewa kila baada ya miaka mitatu, hutuma wataalamu wakakague miradi iliyopita mchujo palepale ilipojengwa. Tuzo nyingi haziwezi gharama hiyo. Kwao bango ndilo jengo.

Mara ya kwanza nilipeleka maktaba ndogo. Picha kumi na mbili, zote safi, zote tupu: hakuna mtoto, hakuna kitabu kilichofunguliwa. Mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa katikati, niliuacha nikiona unaharibu mpangilio. Baadaye mwamuzi mmoja alikubali kulipitia bango pamoja nami. Akaweka kidole kwenye paa: "Hewa ya moto inatoka nje kupitia wapi?" Nikaanza kueleza kwa mikono. Akasema, "Hayo unayonieleza hayamo humu." Matundu ya chini ya paa, ambayo tulibishana na fundi wiki nzima kuhusu ukubwa wake, hayakuonekana kwenye picha hata moja. Iliniuma sana.

Tazama shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya msanifu majengo Francis Kéré, iliyopata tuzo hiyo ya Aga Khan mwaka 2004. Mkato mmoja unamaliza kila kitu: kuta za matofali ya udongo, dari ya matofali inayopitisha hewa, kisha paa la bati lililonyanyuliwa juu ya vyuma, joto likitoka nje kupitia nafasi iliyo katikati ya dari na paa. Mwaka 2022 Kéré alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata, na hadi leo ukimtaja watu wanaanza na shule ile.

Kwenye usanifu wa ndani sina mengi. Weka ramani ya kabla na ya baada, na chumba kilekile asubuhi na jioni.

Bidhaa ndiko nilikoteuliwa, na ndiko nilikoponea chupuchupu. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, hakina msumari wala gundi. Bango zima lilihusu kiungo kimoja tu: ulimi wa mbao ukiingia kwenye tundu lake, na kidole gumba cha seremala kikiusukuma, kucha ina vumbi la mbao. Nilikuwa natuma usiku uleule, rafiki yangu wakili akanizuia: umeshasajili umbo lake? Usajili unadai umbo liwe jipya, na ukishalionyesha hadharani unaweza kuipoteza haki hiyo. Umoja wa Ulaya unakupa miezi 12 tangu ulipolionyesha. Si kila mahali utapata nafasi hiyo. Nikasajili kwanza, ndipo nikatuma.

Kabla ya kulipa, soma kanuni mpaka mwisho. Nani atazitumia picha zako, na mpiga picha amekubali? Mteja amesaini? Mshindi anadaiwa kununua kombe au kulipia kurasa kitabuni? Tuzo inayodai fedha baada ya ushindi mimi siigusi, wala ile isiyotaja majina ya waamuzi wake. Kuhusu washindi kupangwa, mimi sijakutana nalo. Nilikokwama, bango langu lilikuwa halijasema kitu.

Halafu kwenye fomu jaza majina ya mafundi wote. Kiungo kile cha kigoda lilikuwa wazo la seremala wetu, na jina lake lilisomwa ukumbini pamoja na langu, mkewe na wanawe wakiwa wamekaa safu ya pili.