Kabla hujanunua jina la kampuni ya usafi, uliza kwanza mteja ni wa nani

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alikuja nyumbani hapa Chumbageni na bahasha mkononi, hata maji hajanywa akaniambia mama mdogo nimepata kampuni ya usafi ya Dar, wanataka kunipa Tanga yote, nalipa milioni 4 na nusu naanza kazi mwezi ujao. Mkataba wake wa kiwandani umeisha, hela aliyolipwa ndo hiyohiyo, hana nyingine. Nikamwambia niachie hizo karatasi nilale nazo. Nimezisoma mpaka saa sita usiku maana mi mwenyewe niliwahi kusaini mkataba unaofanana kabisa na ule, na naujua ulivyo ndani.

Kwa kuwa siku hizi naona wengi wanaulizana waingie kwenye franchaizi au waanze wenyewe, nimeona nieleze yote, mwenye kufaidika afaidike.

Franchaizi kwa maneno ya kawaida ni hivi, unamlipa mwenye jina ili utumie jina lake, sare zake, dawa zake na utaratibu wake wa kazi, halafu kila mwezi unamkatia fungu kwenye mapato. Shika hapo kwenye neno mapato, hajasema faida. Mwezi umepata hasara yeye fungu lake liko palepale.

Kaka yangu mtoto wa mama mkubwa anaishi Houston, Marekani, na kule hii kitu ni ya zamani sana, kampuni za usafi zinazouza majina, Jani-King walianza 1969, Merry Maids 1979. Yeye alipotaka kununua alipewa likitabu la maelezo kwanza, maana kule sheria ya tume yao ya biashara, FTC, inamlazimisha muuzaji akukabidhi hicho kitabu siku 14 kabla hujasaini wala kulipa hata senti. Kina vipengele 23, kuna gharama zote za kuanzia, kuna kesi ambazo kampuni imeshtakiwa, na kipengele cha 20 ndo kaka alichokishukuru kuliko vyote kwa sababu kina orodha ya watu walionunua kabla yako na waliotoka mwaka uliopita, na namna ya kuwapata. Akapiga simu mmoja mmoja. Waliotoka kwenye zile franchaizi za kusafisha maofisi wakamwambia wazi, unalipa ada, kampuni inakupa maofisi yenye thamani fulani kwa mwezi kulingana na ulicholipa, ila mwenye ofisi kasaini na kampuni, wewe humo kwenye karatasi haupo, akilalamika kidogo ofisi inahamishiwa kwa mwenzio na deni la ada unabaki nalo. Mambo hayo yamefika mpaka mahakamani, mwaka 2011 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts kwenye kesi ya Coverall, kampuni nyingine ya kusafisha maofisi, ilisema mtu ambaye kisheria ni mfanyakazi huwezi kumtoza ada ya franchaizi, maana unakuwa unamuuzia kazi.

Kaka akaacha za maofisi, akanunua ya kusafisha majumba ya watu ambayo wateja wanapiga simu wenyewe kwa sababu wanalijua jina toka zamani. Mpaka leo yuko nayo na hajuti. Kwa hiyo sisemi franchaizi ni mbaya. Nasema yeye aliwaona waliotoka kabla hajatoa hela, na jina alilonunua lilikuwa linaleta simu.

Sasa rudi kwetu. Sisi hatuna sheria ya franchaizi peke yake, mkataba wako unasimama kwenye Sheria ya Mikataba kama mkataba mwingine wowote, hakuna anayemlazimisha yule bwana wa Dar akuonyeshe aliowauzia kabla yako. Usipouliza wewe hauambiwi. Na jina la kampuni ya usafi ya Dar, hapa Tanga nani analijua? Mama mwenye gesti Raskazone hajawahi kulisikia, anachouliza yeye ni wewe mtoto wa nani, unakaa wapi na nani amekuleta.

Mi nilisaini 2018. Nililipa milioni 3 na laki 2, nikapewa mafunzo siku tano Dar, sare nne na mashine ya kusugua sakafu ya kukodi. Mafunzo nitayasema vizuri kwa sababu yalikuwa mazuri kweli, hapo ndo nilijua kwamba jiki na dawa ya choo yenye asidi haviguswi pamoja, vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayokata pumzi na kwenye choo kisicho na dirisha inaua, na ndo nilijifunza kusafisha kutoka juu kwenda chini na kutoka ndani kuja mlangoni, na tambara la choo kuwa na rangi yake lisiende jikoni. Mpaka leo nafundisha wadada wangu hivyohivyo.

Kampuni ikanipa ofisi moja hapa mjini, mkataba wa laki 9 kwa mwezi. Nilifurahi sana, laki 9! Sasa hebu tuhesabu kama nilivyohesabu mimi usiku mmoja na kalamu baada ya kuona kila mwezi nabaki mtupu. Fungu la jina asilimia 12, hiyo 108,000. Ada ya matangazo asilimia 3, 27,000, na tangazo lenyewe Tanga sijaliona hata siku moja. Dawa lazima ununue kwao, 140,000, dawa ambazo ukizichukua duka la jumla Ngamiani hazizidi 85,000. Wadada wawili laki mbili mbili, laki 4. NSSF asilimia 10 ya upande wangu, 40,000. Nauli na mizigo 45,000. Jumla 760,000. Nabakiwa na 140,000, na hapo bado mashine ya kukodi, simu na mimi mwenyewe kusimamia kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Tena hela ilikuwa inapitia Dar, mteja analipa kampuni, kampuni inakata chake ndo inanitumia, mara nyingine siku 60 zimepita, na wadada wa watu mwisho wa mwezi wanataka mshahara na wana haki. Nimewahi kuuza friji kulipa mishahara. Hiyo siisahau.

Halafu ikatokea ya sakafu. Dada mmoja mgeni alimwaga asidi kwenye teraso akidhani anatoa madoa, na asidi na vitu vya saruji na marumaru haviendani, inakula. Sehemu kama mlango mzima ikababuka. Yule dada simlaumu, kosa ni langu sikumfundisha vizuri. Ila nilipopiga simu Dar kwamba jamani si tunalipa fungu kila mwezi, bima iko wapi, nikaambiwa soma kifungu fulani, uharibifu wote ni wa mwenye eneo, yaani mimi niliyenunua jina. Nililipa laki 7 kwa awamu. Hapo ndo niliusoma mkataba wote kwa mara ya kwanza, miaka miwili baada ya kusaini.

Na ndo nikakiona kifungu kilichoniumiza kuliko hela. Kwamba mteja yeyote ni mali ya kampuni hata kama nimemtafuta mimi, na nikitoka nisifanye kazi na mteja yeyote wa kampuni kwa miezi 12. Sasa wateja wengine watatu nilikuwa nimewatafuta mimi kwa miguu yangu, jua la mchana, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini. Mhasibu wa ile ofisi ya teraso alikuwa ananiamini mimi, namba yake ninayo mimi, mwanae alipolazwa Bombo nilienda kumuona mimi. Lakini kwenye karatasi si wangu.

Nikatoka 2021. Nikawaachia wote, sikutaka kesi.

Kuanza mwenyewe asikwambie mtu ni kitu rahisi. Miezi mitano ya mwanzo sikupata ofisi hata moja, kila nikienda wananiuliza umefanya wapi, leta barua, na barua zote zilikuwa na jina la kampuni ile. Nilichofanya nikarudi chini kabisa, makochi. Nilinunua vakyumu ya mtumba ya kunyonya maji na vumbi kwa 280,000, na ndoo, mopu, brashi, buti na glavu, vyote jumla 640,000, nikaanza kuosha makochi na mazulia nyumba kwa nyumba, Sahare, Donge, Nguvumali, seti ya watu saba 60,000. Hela inalipwa palepale, hakuna siku 60. Na jirani akiona maji meusi yanavyotoka kwenye kochi la mwenzie anakuita siku hiyohiyo, mi hilo ndo lilikuwa tangazo langu. Kisha wakaja wenye nyumba mpya waliomaliza ujenzi wanataka kutoa rangi na saruji kwenye taizi na vioo, hii kazi ina hela nzuri na watu hawaijui. Kisha gesti. Upande wa baharini hewa ya chumvi haina huruma, vioo vinapata ukungu na bawaba zinaliwa kutu, ukimuonyesha mwenye gesti kwamba wiki mbili mbili unapita kufuta kwa maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakaa anakupa mkataba mwenyewe.

Karatasi zisikutishe. Jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao, TIN ya TRA haiuzwi, mtu akikutoza hela ya TIN ni tapeli, leseni unaombea mfumo wa Tausi wa halmashauri. Ukianza kuajiri fungua NSSF na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mapema, usisubiri, kwa sababu kampuni kubwa za bandarini na zile zinazofanya kazi za bomba la mafuta huko Chongoleani hazikusikilizi bila hizo na cheti cha OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi. Na kampuni ikikulipa itakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake, ile ni hela yako inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, mi nilipoteza za mwaka mzima kwa kutokujua. Tenda za serikali ziko kwenye mfumo wa NeST, na kuna asilimia 30 ya manunuzi iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, kwa hiyo mkiwa kikundi kilichosajiliwa msijinyime. Hata mtaji, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ina mafungu ya 4, 4 na 2 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, haina riba. Inachukua muda, inachosha kufuatilia, lakini ipo.

Kitu kimoja kwenye bei, maana hapa ndo wengi wanaoanza peke yao wanakufa. Usitaje bei kwa kuangalia jengo. Hesabu masaa na watu, weka dawa, weka nauli, weka NSSF, weka uchakavu wa mashine, weka mshahara wako wewe mwenyewe, halafu ndo weka faida juu. Mi niliwahi kuchukua ghala moja Pongwe kwa laki 3 kwa sababu nimeshindana na mtu, nikatoka na hasara ya 80,000 na mgongo.

Kuna mtu nitamwambia anunue jina? Yupo. Kama hujawahi kabisa kusafisha kwa kulipwa, hujui dawa wala mashine, na kampuni inakuletea mikataba iliyoandikwa, siyo ahadi ya mdomo, basi mwaka mmoja chini yao ni kama shule, ila hiyo shule unaweza kuipata bila kulipa milioni 4, omba kazi ya usimamizi kwenye kampuni ya usafi uifanye miezi sita na mshahara unalipwa wewe. Au chukua kazi ndogo za kampuni kubwa kwa makubaliano ya kazi kwa kazi, bila ada ya kuingilia. Huo mlango wa katikati hautajwi sana na ndo ninaoupenda mimi.

Binti wa dada yangu nimemrudishia karatasi na maswali manne ya kumpelekea yule bwana kwa maandishi. Anipe namba za watu watatu aliowauzia na wawili waliotoka. Mteja anasaini na nani na analipa akaunti ya nani. Kikiharibika kitu analipa nani na bima iko wapi. Na nikitoka, niliyemtafuta mwenyewe naondoka naye au namuacha. Ametuma Jumatatu kwa WhatsApp, tiki zimekuwa za bluu siku hiyohiyo, mpaka naandika hapa hajajibiwa. Hela bado iko benki.

Yule mhasibu wangu wa zamani, miezi 12 ilipoisha sikumpigia. Alipiga yeye, wiki ya pili, akaniuliza dada siku hizi uko wapi, hii ofisi imekuwa haieleweki, njoo utupimie. Nikaenda na daftari na futi, nikapima chumba kwa chumba. Ile sehemu ya teraso iliyoliwa bado ipo pale mlangoni, nimeikuta, na sasa kila dada mgeni ninayemuajiri naanzia naye hapo, namuinamisha aiguse kwa mkono ndo nampa ndoo.