Pesa ya chama haianzii Posta

Mwaka niliochaguliwa kuwa mhazini wa chama cha wanafunzi wa sayansi ya kompyuta hapa Dar, nilikabidhiwa daftari lenye kurasa nne zilizoandikwa na salio la shilingi 11,500. Salio lenyewe lilikuwa kwenye simu ya mhazini aliyenitangulia, limechanganyika na nauli yake ya daladala.

Tulitaka kompyuta mpakato tatu, hata zilizotumika, kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kila mwaka wanakuja wadogo zetu waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza kwenye maabara ya chuo, na maabara ikifungwa hawana pa kujifunzia. Nilimkuta mmoja bwenini ameandika programu nzima kwa penseli, mistari imenyooka, anasubiri asubuhi akaijaribu. Yule kijana ndiye aliyenifanya nisikate tamaa.

Tulianza vibaya. Tulichapa barua kumi na nne zinazofanana, "Kuomba udhamini wa shughuli za chama", tukapanda basi la mwendokasi hadi Posta, kwenye maofisi ya katikati ya jiji, tukazunguka barabara ya Samora mlango kwa mlango. Mapokezi walitugongea mhuri kwenye nakala zetu, wakatushukuru, basi. Hakuna aliyejibu hata mmoja. Iliniuma sana, lakini nikiisoma ile barua leo naelewa. Haikutaja kiasi wala kitu, na haikusema nani atafaidika. Hata aliyetaka kutusaidia angemwambia nini bosi wake?

Kwa hiyo nyinyi mnaotafuta pesa ya chama chenu, anzeni na nyinyi wenyewe. Ada yetu ilikuwa shilingi 5,000 kwa muhula, na tulijifunza kuikusanya siku tatu nne za mwanzo baada ya boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, kuingia. Wiki ya pili kila mtu ana madeni. Simameni mlangoni mwa darasa na daftari, msione aibu.

Kisha uzeni ujuzi wenu. Hapa ndipo sisi tulipoanza kufanikiwa. Tuliomba kibali kwa mshauri wa wanafunzi, tukapanga meza Jumamosi moja: kupiga Windows upya 10,000, kusafisha flashi 3,000. Saa nne akaja mama mmoja mwenye steshenari huko Mwenge, flashi ameishika kiganjani kama dawa. "Wanangu, kazi za watu zimepotea zote humu." Tukaifungua, kila faili limegeuka njia ya mkato isiyofunguka. Virusi havikuwa vimefuta kitu, vilikuwa vimeficha tu. Dada mmoja wa mwaka wa pili akavisafisha kwanza, kisha akaandika attrib, amri ya Windows ya kufichua mafaili yaliyofichwa, mstari mmoja, na majina ya mafaili yakaanza kurudi kwenye kioo moja baada ya jingine. Mama akawa anayasoma kwa sauti. Alilipa, akauliza pesa tunaipeleka wapi, tukamweleza. Jumatatu akatuletea rimu mbili za karatasi, na tangu siku hiyo barua zetu alitutolea bure. Siku ile tulifunga na shilingi 214,000.

Fulana ziogopeni. Tulichapisha 100 Kariakoo kabla ya kukusanya pesa, zikauzika 38. Chukueni oda na malipo kwanza.

Pesa ikianza kuonekana, itoeni haraka kwenye simu ya mtu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mlezi wa chama awe mmoja wao. Kila Ijumaa nilipiga picha ukurasa wa daftari nikaituma kwenye kundi la WhatsApp, hata wiki ambayo hakikuingia kitu. Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi ya dukani, zitoeni kopi siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia, baada ya miezi kadhaa unabaki na karatasi nyeupe.

Ndipo tukarudi kuomba. Safari hii ilikuwa barua ya ukurasa mmoja: mpakato tatu, bei kutoka kwenye proforma, yaani hati ya bei ya duka kabla ya kununua, kiasi tulichokwishachanga, na nakala ya hesabu zetu. Hatukuipeleka mapokezi. Tuliwatafuta wahitimu wetu mmoja mmoja kwa simu, tukauliza nani anafanya kazi wapi na barua aandikiwe nani. Kaka mmoja aliyemaliza miaka sita kabla yetu akaipeleka mwenyewe mezani kwa mkuu wake wa kitengo. Fedha taslimu hawakutoa, ila ofisi ilikuwa inabadilisha mashine, wakatupa mbili walizokuwa wanaziondoa. Kwa hiyo ulizeni pia vitu, si pesa peke yake. Wiki hiyohiyo tuliwapelekea barua ya shukrani na picha ya wanafunzi wakizitumia.

Ya tatu tuliinunua wenyewe Kariakoo. Zote zinaazimwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa kusaini daftari lilelile, na jina la kwanza kwenye orodha ni la yule kijana wa penseli.