Jina la juu ya mtutu ni la muuzaji: kusoma alama za bunduki za Kijerumani

Mkuu, umeuliza nani alitengeneza bunduki yenye jina la duka la Berlin juu ya mtutu, "Krupp" ubavuni na D.R.G.M. karibu na chemba. Hapo mtengenezaji hajatajwa hata mara moja. Duka ni muuzaji, Krupp ndiko kilikotoka chuma cha mtutu, na D.R.G.M. (Deutsches Reichsgebrauchsmuster) ni usajili wa ubunifu wa kifaa. "Ges. gesch." nayo maana yake ni "imelindwa kisheria", ingawa wapo wanaodhani ni jina la mtu na kumtafuta kwenye orodha za mafundi!

Jibu limefichwa na mbao. Toa risasi, chomoa komeo (kifungio cha nyuma ya mtutu), chungulia chemba uhakikishe ni tupu. Kwa Mauser 98, bunduki ya komeo ya Kijerumani, fungua skrubu mbili za chini, ya mbele ya magazini na ya nyuma ya triga. Zikiwa na viskrubu vya kuzuia, anza na hivyo. Bunduki nyingi za kuwindia zina pia kabari au skrubu inayoshika mtutu kwenye mbao ya mbele. Ukiisahau ukanyanyua kwa nguvu, mbao inapasuka. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Steliwaya na msasa weka mbali, vinakula alama na thamani. Mulika tochi kutoka ubavuni, pakaza chaki.

Taji juu ya herufi ni mhuri wa majaribio wa serikali: U ukaguzi, G mtutu wenye michirizi, S mtutu wa marisawa, N baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1940 tai alichukua nafasi ya taji. "5.27", au "527" bila nukta, ni Mei 1927, tarehe ya majaribio, wauzaji huigeuza namba ya bunduki. "172,28" ni kipimo cha zamani cha tundu, sawa na milimita 7.62, "108,49" ni 8.89.

Herufi mbili tatu pembeni ya mihuri hiyo mara nyingi ni za fundi wa mtutu. Picha ya mtu wa porini mwenye rungu ni chapa ya J.P. Sauer & Sohn, watengenezaji wa mji wa Suhl. Ukiona "Zella St. Blasii" au "Mehlis" peke yake, hiyo ni kabla ya miji hiyo kuungana 1919. Chapa ya Mauser nayo isikulevye: kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf kiliuza mitambo mitupu kwa mafundi wengine, hata Rigby, watengenezaji bunduki wa London.

Ikiwa ni ya risasi aina ya 8x57, usifyatue kwa kuamini maandishi pekee. Mitutu ya awali inabeba risasi yenye kipenyo cha milimita 8.07, ya baadaye 8.20. Nene ikiingia kwenye mtutu mwembamba, shinikizo linapanda vibaya. Sukuma donge laini la madini ya risasi lipite mtutu mzima, kisha pima kwa kalipa sehemu iliyotuna, pale michirizi ilipo na kina.