Kiti cha wageni ni kimoja

Wiki hii mmeuliza: mwanasayansi gani wa kigeni ungemkaribisha chakula nyumbani kwako? Jina lilinijia kabla sijamaliza kusoma swali. Satoshi Omura, mkemia wa Japani aliyepata Nobeli mwaka 2015 pamoja na William Campbell.

Omura alianza kama mwalimu wa shule ya usiku Tokyo. Baadaye akazoea kutembea na vifuko vya plastiki, popote aendapo anachota udongo. Udongo wa jirani na uwanja wa gofu kule Kawana ndio uliokuwa na bakteria iliyotupa ivermektini, na tangu 1987 kampuni ya Merck inaitoa bure kwa ajili ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha macho.

Sisi wa Mahenge, Tanzania, hatukuijua kwa jina hilo. Ilikuwa kingatiba, basi. Mama alikuwa mgawa dawa wa kijiji: daftari, kopo la vidonge na fimbo yenye alama. Unasimama wima, urefu wako ndio idadi ya vidonge, kimoja hadi vinne. Chini ya sentimita 90 hupati. Mdogo wangu alijaribu kuchuchumia, akabonyezwa mabega.

Babu mwaka wa kwanza alimeza vinne. Usiku akawashwa mwili mzima, uso ukavimba. Kumbe ni vijiminyoo vinavyokufa ngozini, lakini nani alikuwa amemwambia? Mwaka uliofuata akatorokea shambani alfajiri. Mama akamfuata na fimbo, kopo na kikombe cha maji, akamkuta amekaa juu ya kichuguu. Hakubishana naye. Alishika jembe akapalilia mistari miwili ya mahindi, kimya.

"Haya, lete hayo mavidonge yako."

"Simama kwanza nikupime, baba."

"Kwani tangu mwaka jana nimerefuka?"

Akasimama.

Sasa nikiandika naona nimeharakisha kumtaja Mjapani. Dawa ile haiui minyoo mikubwa, kwa hiyo inarudiwa mwaka hadi mwaka, na kila mwaka ni mama na fimbo yake. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 ya vidonge haikuumaliza usubi Mahenge. Kiti ni cha mama.

Ila Omura mwenyewe, alipopewa tuzo, alisema sifa ziende kwa vijidudu. Mtu wa hivyo hawezi kugombea kiti. Aje, tutakaa naye mkekani. Na udongo wa kichuguu cha babu achote tu, mradi aombe kwanza.