Gugu Linakula Nini? Maswali Yenu Kuhusu Ghuba ya Winam

Tangu niandike juu ya Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, maswali hayajakoma, na mengi yanaanzia kwenye gugu maji, mmea unaoelea na kufunika maji. Nimejibu haya matano.

Kila Jumamosi kikundi chetu huopoa gugu maji. Upepo ukigeuka tu, limerudi. Tunajisumbua bure? (Mvuvi, Dunga)

Si bure, ndugu yangu. Mashua lazima zipate njia. Ila kwa reki na toroli hamtalimaliza. Gugu hili ni la Amerika Kusini, na lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata joto na maji yenye rutuba, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake huweza kulala kwenye tope miaka 15 na zaidi zikisubiri zamu yao. Miaka ya 1990 wataalamu walilitilia fukusi, wadudu wadogo wanaolitafuna, likapungua sana. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zikashusha udongo na rutuba, likafufuka.

Kwa hiyo mimi huuliza: linakula nini? Linakula mbolea iliyooshwa mashambani, maji taka ya mji, na udongo unaobebwa na mito ya Nyando na Sondu-Miriu. Ghuba yenyewe ina kina kifupi na mlango mwembamba wa kutokea ziwa kuu, basi kinachoingia hakitoki upesi.

Endeleeni, lakini liopoeni kabla halijachanua, wala msilirundike ufuoni. Likiozea hapo, mvua ya kwanza itairudisha rutuba ile ile majini. Lipelekeni mbali mkafanye mboji. Lililotoka karibu na mji liwe la miti na maua, si la sukuma wiki, maana gugu hili hufyonza hata madini yenye sumu. Na Jumamosi moja moja acheni reki, mpande juu mtoni mkazungumze na wanaolima hadi ukingoni. Kazi hiyo haipendezi kwenye picha, najua.

Shemeji yangu anataka kufyeka mafunjo apande mboga. Nimkataze? (Msusi wa mikeka, Kisumu)

Mkataze, mama, tena kwa hesabu ya pesa, maana hiyo ataielewa. Mboga zitasombwa ziwa likijaa. Mafunjo hukatwa, yakachipua, yakakatwa tena, na wewe ukasuka mikeka na vikapu mwaka baada ya mwaka. Hapo katikati yanachuja udongo na uchafu kabla haujafika ziwani, na vifaranga wa samaki wanajificha humo wasiliwe na mbuta, yule sangara mkubwa. Kamongo, samaki mwenye mapafu, naye makao yake ni humo. Tena kuna ndege mmoja mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano, ambaye nje ya mafunjo humpati. Wageni hulipa mashua pale Dunga ili wamwone tu!

Mkikata, kateni kwa zamu, sehemu moja ikipumzika. Msichome moto, na ukanda wa upande wa maji msiuguse.

Maji yakigeuka kijani kama rangi ya ukuta, nikiyachemsha yatafaa kunywa? (Homa Bay)

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu inayoweza kutolewa na ule utando wa kijani haiondoki kwa moto. Usiyanywe, usipikie, na ng'ombe asiyanywe. Watoto wasiogelee hapo.

Babu anasema zamani maji yalipita Mbita, ghuba ikapumua. Ni kweli? (Mwanafunzi, Rusinga)

Kweli kabisa. Miaka ya 1980 mlango mdogo kati ya Mbita na Rusinga ulizibwa kwa tuta la barabara. Wavuvi walilalamika miaka mingi, na hatimaye tuta likafunguliwa, likajengwa daraja ili maji yapite chini yake. Mwambie babu aendelee kukusimulia, nawe uandike.

BMU yetu, kikundi cha kusimamia ufuo, huwakamata vijana wanaovua kwa wavu wa kokoro, lakini bomba la maji machafu lililo hatua chache tu hakuna anayeligusa. Haki gani hiyo? (Mwanakamati wa BMU, hakutaja ufuo)

Swali lako limenikosesha usingizi. Kokoro ni haramu kwa sababu nzuri: huburuta chini na kuzoa mayai na vifaranga. Hata kufunga uvuvi wa omena (dagaa), Aprili hadi Julai, nakuunga mkono. Lakini kijana mwenye wavu ni rahisi kumkamata kuliko mwenye bomba, na kila mtu ufuoni analijua hilo.

BMU iliundwa kusimamia uvuvi, haina mamlaka juu ya mabomba. Wewe kama raia unayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umepata hasara. Kabla ya kufika huko, andikeni daftari: tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa. Pigeni picha. Kisha barua kwa kaunti na nyingine kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zimetiwa sahihi na kamati nzima, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yenu. Barua isiyo na muhuri hupotea. Yangu moja ilipotea hivyo.