Kipindupindu: kinachoingia kwenye seli ni sumu, si bakteria

Je, bakteria wa kipindupindu anaingia ndani ya seli za utumbo? Hapana, haingii. Anajishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kubaki hapo. Kinachopenya ni sumu anayoitoa. Sumu hiyo ni protini ya vipande sita. Vitano vimejipanga duara kama pete na kazi yao ni kunasa mafuta fulani yaliyo juu ya seli, yanaitwa GM1. Seli inaimeza yenyewe. Humo ndani kipande cha sita kinachomoka, kinawasha swichi ambayo seli inashindwa kuizima, basi inamwaga kloraidi mfululizo, sodiamu na maji vinafuata. Ndiyo ule uharo unaofanana na maji yaliyooshea mchele.

Kwamba sumu peke yake inatosha kuleta uharo huo lilionyeshwa mwaka 1959 na mtafiti Sambhu Nath De kule Calcutta, India: alichuja bakteria wote, akadunga majimaji yaliyobaki kwenye kipande cha utumbo wa sungura alichokifunga pande zote mbili. Kikajaa maji, bila bakteria hata mmoja!

Na ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa wa kuhara, inasaidia kwa sababu sumu haigusi mlango mwingine wa seli, ule unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yanafuata.

Ila usimchanganye bakteria wa kipindupindu na bakteria wengine wa tumbo kama Shigella wa kuhara damu, wala Salmonella. Hao wana kijisindano cha protini kabisa, wanadunga silaha zao moja kwa moja ndani ya seli, kisha na wenyewe wanaingia.